Fundi Anayesema "Haiwezekani"

Saa mbili asubuhi, mwanamke mmoja anaingia sokoni mbio mbio, kitambaa kwapani. Anataka gauni la Jumamosi. Fundi cherehani anakikunjua kitambaa, anatazama daftari lake, kisha anatikisa kichwa.

"Jumamosi haiwezekani, dada yangu. Jumanne, saa nane mchana."

Mteja ananuna, anabembeleza, anaapa kutorudi tena. Mwishowe anakiacha kitambaa. Ndiyo maana sokoni humu fundi huyu, mama wa watoto watatu, anaitwa Mama Haiwezekani, naye anaitika bila kinyongo.

Hakuanza hivyo. Zamani, kama mafundi wengi tunaowajua, alimwambia kila mteja "njoo Ijumaa" bila kutaja Ijumaa ya mwaka gani. Mpaka siku alipojificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo, shangazi wa bibi harusi akimngoja saa mbili nzima kwenye benchi. Gauni lilikuwa halijakatwa hata mkono.

"Nikapiga chafya," anasimulia, akicheka hadi machozi. "Shangazi akafungua pazia, akanitazama, hakusema neno. Afadhali angenitukana."

Tangu siku hiyo akaanza kusema ukweli, nao ulimtia hasara kwanza. Wateja kumi na wawili kwa wiki wakabaki watatu, akakonda kwa mawazo. Lakini waliopata nguo siku waliyoambiwa wakaleta dada zao, na dada wakaleta mawifi. Leo ana vyerehani vinne na havipoi.

Mwezi huu akagombea uenyekiti wa soko. Mpinzani wake, muuza viatu mwenye ulimi mtamu, aliahidi paa jipya kabla ya mvua, akashangiliwa. Mafundi wenzake wakamsihi mama huyu naye adanganye kidogo, siku hiyo moja tu.

"Paa haliwezekani mwaka huu," akawaambia wapiga kura. "Mtaro uliojaa tope, huo naweza. Wiki mbili."

Mumewe, muuza vitunguu, anakiri alitamani ardhi immeze. Kura zikahesabiwa: mia moja na nne za Mama Haiwezekani, sabini na moja za mpinzani. Moja ya hizo mia moja na nne, anasema muuza viatu mwenyewe, ilikuwa yake.

"Alinishonea suti ya harusi," anajitetea. "Ilitoka siku ile ile aliyosema. Ningefanyaje?"

Tangu Jumatatu, mwenyekiti yumo mtaroni na sepetu, tope hadi magotini, akiimba. Fedha za paa ataanza kuzichangisha mwakani. Na mtaro, je, utaisha lini? Anajifuta uso kwa kiwiko.

"Alhamisi, saa tatu asubuhi. Njoo na viatu unavyovipenda."