Siku Nilipovaa Koti la Mume wa Bi Zaituni

Cheka tu, mimi mwenyewe nikikumbuka nafunika uso kwa mto, ila cheka taratibu maana mwisho wake hauchekeshi.

Bi Zaituni ni mwenye nyumba wangu pale Ihumwa, mjane wa askari aliyepigana vita vya Kagera, na siku hiyo wajane walikuwa wanaitwa mbele ya watu kupewa heshima, kila mmoja na kumbukumbu ya mumewe. Yeye kumbukumbu yake ni koti moja tu la jeshi. Kifungo kilikuwa kimekatika, nikajitolea kulipeleka kwa fundi wangu wa kule Kizota (hakuna aliyenituma, kiherehere changu). "Nitarudi kabla hawajakuita, bibi."

Fundi alimaliza mapema. Sasa kurudi kwa bodaboda, na upepo wa Dodoma asubuhi unaujua, nikajiambia ngoja nilivae kidogo, nikikaribia nalivua. Jamani, lilinikaa! Dereva akanichungulia kwenye kioo: "Afande, mbona hukusema?" Badala ya kukataa nikakaza shingo, na tuliposimama sheli kujaza mafuta nikashuka natembea kifua mbele, nikampigia muuza karanga saluti (ya mkono wa kushoto, Mungu anisamehe), kichwani nishakuwa kanali, kumbe jamaa wa fulana nyeupe anayejaza upepo tairi la gari lake ni mwanajeshi kweli.

"Kikosi gani?"

"Cha... cha Kizota."

Sheli nzima ikacheka, yeye hakucheka. "Raia kuvaa nguo za jeshi ni kosa, hujui? Vua. Kichurachura mpaka ukutani."

Nikaruka, muuza karanga ananihesabia kwa sauti, lakini kilichoniuma ni lile koti kutupwa kwenye gari lake, maana alisema linaenda kambini, na mimi nawaza bibi atasimama mbele za watu mikono mitupu. Simu ikaita.

"Mjukuu wangu, uko wapi? Wameshaanza kuita."

Nikampa afande simu. Akamsikiliza bibi akiulizia koti la marehemu mumewe. "Shikamoo mama," akasema mwishowe. "Tunakuja."

Gari lilikimbia. Tulifika jina la bibi linatajwa mara ya pili. Afande akalikunja koti, akampelekea kwa mikono miwili, akampigia saluti, watu wakapiga makofi, na mimi kule nyuma, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikashusha pumzi nikidhani yameisha.

Bi Zaituni akalisogeza koti puani. Akakaa nalo hivyo, halafu akanitafuta kwa macho.

"Ulilivaa?" akaniuliza tulipofika nyumbani, bila ukali.

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Sikuwahi kulifua tangu afe. Lilikuwa bado na harufu yake."

Sasa hivi linanuka mimi, jasho na petroli, na hakuna fundi wa kurekebisha hilo. Ndiyo maana siku hizi nikiagizwa nguo ya mtu naibeba kwenye mfuko, mikono miwili, hata ianguke barafu hapa Dodoma.