Neno la Posa Nililolitoa Nimefungwa na Baiskeli

Aibu hii inasimuliwa Palma na inasimuliwa Olumbi, na kila kinywa kinaongeza chumvi yake, basi ni heri niiseme mwenyewe, maana niliyekuwa nimefungwa ni mimi.

Shule niliishia darasa la pili, enzi ya Mreno, lakini nyumba ya matofali nimejenga, mashine ya kusaga ninayo, na kitu chochote chenye parafuso nakifungua na kukirudisha bila kuuliza mtu. Hapo kwenye kutokuuliza ndipo pana mkasa.

Nilikuwa nimenunua baiskeli ya milimani, ya gia nyingi, kwa mgeni aliyekuwa anahama. Pale kwenye pedeli ilikuwa na sahani tatu za meno, kubwa, ya kati na ndogo, na chuma cha kuuhamisha mnyororo kutoka hii kwenda ile. Kwa mchanga wetu huu chuma kile hakikudumu, kikaganda, mnyororo ukawa unasaga kutwa. Bakari, fundi wa sokoni, akaniambia, "Mzee, toa mbili, toa na hicho chuma, bakisha sahani moja tu mbele, inakutosha. Ila ununue yenye meno marefu, inashika mnyororo, na parafuso fupi."

Ninunue? Nikaenda uani kwangu nikafungua, nikaacha ile ya kati. Parafuso zilikuwa ndefu, zimezoea kubeba sahani mbili, nikakata vipande vya lata, kopo tupu la maziwa, nikavitoboa, nikajaza ile nafasi, ikakaza sawasawa. Mnyororo nikaupunguza vipingili viwili. Sikutoa hata metikali moja. Nikabaki na sahani mbili mkononi, na duara la plastiki lililokuwa limefungwa nje ya ile kubwa, sikuona kazi yake (mapambo, nikasema, Wazungu wanapenda mapambo), nikalitupa jalalani. Bakari alikuwa anapita.

"Mzee, hilo duara lirudishe."

"Bakari, wewe unauza, mimi natumia. Nenda zako."

Akaenda.

Wiki hiyohiyo dada yangu Mwanaisha wa Olumbi akaniletea habari kwamba wanakuja wageni kutoka kisiwa cha Vamizi kumposa binti yake, Zaituni. Kwetu baba wa msichana anakaa na kusikiliza, neno la kumtoa ni la mjomba, na mjomba asipofika wageni wanaelewa kwamba amekataa. Na mimi nilishakosa mara moja. Posa ya kwanza ya Zaituni nilichelewa kwa kungoja kanzu ipigwe pasi, nikafika watu wameshaondoka, hawakurudi tena, na Mwanaisha tangu siku ile akiniandalia chai haketi nami.

Basi safari hii niliondoka mapema, nimevaa kaputula na shati, kanzu nimeitia kwenye mfuko, na sahani ile moja, nasema kweli, ilikwenda vizuri kama maji mpaka karibu na Olumbi. Zilipobaki nyumba chache nikasimama, nikavua shati, nikavaa kanzu. Mwenye akili angeikokota baiskeli hapo. Mimi nikapanda tena, nilitaka wanione naingia.

Mbele ya kisima nikasikia kanzu inavutwa, nikadhani upepo, nikakanyaga zaidi. Meno yakaila mpaka karibu na goti. Mnyororo ukaruka ndani, ukajibana na kitambaa kati ya sahani na bomba la fremu, baiskeli haiendi mbele, hairudi nyuma. Nikainama pale kuvuta, nikainuka, nikainama tena. Wanawake kisimani wakaacha kuteka.

"Jamani, mzee rukuu yake ndefu!"

"Mwacheni, anamwomba radhi baiskeli."

Mwanaisha akatoka mbio. "Kaka, unafanya nini hapo? Wageni wanavaa viatu!"

"Niletee kisu."

"Ukate kanzu uingie na kaputula mbele ya wakwe? Maji yanakupwa, chombo chao kitakwama, hawangoji. Ukikosa na leo, kaka, mwanangu atazeekea kwangu, na mimi na wewe basi."

Nikaishika baiskeli kwenye bomba, yeye akashika gurudumu la nyuma, tukaingia uani hivyo, watatu.

Wazee watano wa Vamizi walikuwa wamesimama. Nikatoa salamu, wakaitikia polepole, macho yao hayapo usoni kwangu. Nikaketi mkekani, na kwa kuwa siwezi kuketi peke yangu, baiskeli ikalala ubavuni mwangu, pedeli imenichoma mbavuni. Wakaketi nao. Msemaji wao, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, akakohoa.

"Mjomba, tunajua ada, kilemba chako tumekuja nacho. Ila tuulize kwa adabu, huyu mwenzio naye tumletee chake?"

"Huyu ni shahidi," nikasema. "Semeni neno lenu, maji hayangoji."

Walicheka mpaka mmoja akavua kofia apunge upepo. Kisha wakasema neno lao, nami nikajibu kwamba Zaituni nimemtoa, na fatiha ikasomwa. Wakaondoka kwa haraka kukiwahi chombo. Mjomba ndiye huwasindikiza wageni hadi pwani. Mimi nikawasindikiza kwa macho.

Aliyekuja na kisu ni Zaituni, kisu cha kuparia samaki. Akapiga magoti, akaikata kanzu bila kunitazama, na baba yake namsikia nyuma ya nyumba anacheka kwa kujificha. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekutia aibu."

"Mjomba, siku ile ulikuja na kanzu safi, wenyewe hawapo," akasema. "Afadhali ya leo."

Ameolewa, yuko Vamizi, na mwenye kutaka kucheka acheke.

Baiskeli ninayo, bado ina sahani moja, na hapo sikukosea, nasema tena sikukosea. Nilikosea kulitupa lile duara kabla ya kujua lilikuwa linazuia nguo isiliwe na meno, na kumfukuza aliyejua. Sasa nikifungua kitu nauliza, hata kama anayejua ni mdogo kwangu, na inaniuma kila mara. Na kwenye neno la watu nakwenda kwa miguu.