Soko Lililojengwa Juu ya Korongo

Dada yangu alipanda mihogo ukingoni mwa korongo, si kwa ajili ya kula, bali ili ajue korongo limefika wapi. Kila nilipopanda kutoka Nguba, mtaa wangu wa mjini, kumsalimia, kabla sijakaa alinipeleka nyuma ya nyumba kuitazama. Siku ile mstari wa mbele ulikuwa umekwenda na udongo, na wa pili ulikuwa unaning'inia, mizizi nje. Ulibaki wa tatu, halafu ukuta wa jikoni.

Zamani juu ya kilima cha kijiji chake kulikuwa na mikaratusi. Iliuzwa kwa mbao na makaa, na tangu hapo maji ya mvua hushuka bila kitu cha kuyapunguza nguvu.

Asubuhi ile wanakijiji walikuwa wanangoja wageni wa mradi kutoka mjini, waliokuwa wanakuja kuandika mpango wa maendeleo wa kijiji. Safari hii, walikuwa wametuma neno, mpango utatoka kwa wananchi wenyewe. Dada alivaa kitenge chake kizuri. Aliniambia atasema juu ya korongo.

Ila mkutano ulifanyika kabla ya mkutano. Gari likiwa bado barabarani, shefu wa kijiji aliwakusanya watu pale wanapouza kasiksi, ile pombe ya ndizi, na akawaeleza. Wageni hawa ndio waliojenga soko kwenye kilima cha jirani. Basi ni watu wa soko. Kwetu mgeni haombwi kisichokuwa katika kikapu chake. Ukimwomba umemtia aibu, na mgeni aliyeaibika hupeleka kikapu kwa wengine. Hakumlazimisha mtu. Watu walikubali kwa sababu ndivyo sote tulivyolelewa, mimi na dada yangu pia.

Dada akasema juu ya korongo hata hivyo. Shefu alimsikiliza mpaka mwisho, bila hasira.

"Maman, ile shimo haiko na miguu," alisema. "Itakungojea. Soko ndiyo iko na miguu. Tukilala, kesho iko ku kilima ingine."

Watu walicheka, na dada alicheka nao.

Wageni walipofika tuliingia kanisani. Walibandika picha ukutani ili asiyejua kusoma naye achague: shule, chemchemi ya maji, soko, zahanati, korongo. Chini ya kila picha waliweka sahani. Kila mkaaji alipewa maharage matatu ya kuweka katika sahani aliyoitaka. Mimi sikupewa, kwa kuwa ni mtu wa mjini, nikakaa nyuma karibu na mlango.

Sahani ya soko ilijaa upesi. Zamu ya dada ilipofika, alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya korongo na kuweka maharage yake yote. Watu waligeuka kumtazama. Jirani yake, mama mzee ambaye nyumba yake iko ukingo uleule hatua chache kando, alisema kwa sauti ya chini, "Mama, unatutenganisha mbele ya wageni."

Dada alisimama kidogo. Kisha aliyaokota maharage, moja moja, akayapeleka kwenye soko.

Msichana mmoja wa mradi alimwona. Alimfuata, akamwuliza kwa upole kwa nini ameyatoa.

"Nilikosea sahani," dada alijibu.

Yule msichana aliandika. Sidhani alikuwa mtu mbaya; hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mbaya. Wakati wa kuaga, mkubwa wao alimpa shefu mkono na kusema hajawahi kuona kijiji kinachoelewana namna hii. Watu walipiga makofi.

Njiani kurudi nyumbani nilimwuliza dada kwa nini hakuyaacha pale pale.

"Wewe utarudi Nguba," alisema. "Miye nitabakia nabo."

Soko lilijengwa kama walivyoahidi, nguzo za saruji na mabati mapya. Lilijengwa juu ya korongo, upande wa kilimani, kwa sababu hapo tu ndipo pangeweza kusawazishwa. Hakuna aliyeuliza maji ya bati lile kubwa yatapita wapi. Dada alipata meza, akawa anauza maharage na ndizi, na hakulichukia soko.

Mvua zilipoanza, alinipigia simu. "Ile shimo imeota miguu," aliniambia, na tulicheka, kwa kuwa lilikuwa neno la shefu. Kisha nikamwuliza habari ya mihogo.

"Haiko tena."

Nilimwomba aje akae kwangu. Alisema atakuja akimaliza kuuza maharage ya msimu ule.

Ilikuwa mvua ya alasiri, wala si kubwa sana. Mlango wa nyumba yake waliukuta chini bondeni, bado umefungwa kwa ndani. Yeye walimpata kesho yake.

Kilio tulikifanyia sokoni, kwa kuwa watu walikuja hata kutoka vilima vya jirani, na kanisa lisingewatosha. Shefu hakukaa kwenye kiti walichomwekea. Alikuja kukaa chini kando yangu, akasema wageni watarudi kuutazama upya mpango, na safari hii kijiji kitasema korongo.

Nilimwuliza kama bado ni watu wa soko.

"Hapana," alisema. "Sasa wanasema ni watu wa maji ya bomba."

Wanawake walikuwa wanaimba. Mvua ilianza kupiga bati, polepole, kisha kwa nguvu, na wimbo ukafa wenyewe. Tulisikiliza maji yakiacha paa na kushuka. Yule jirani wa dada alijifunika kitenge kichwani, akainuka bila kuaga mtu, akatoka kwenda kutazama mihogo yake mwenyewe ukingoni.