Jamvi la Karafuu na Uyoga wa Kisiki

Majina ya watu ninayo yote, mpaka la mkunga aliyempokea mama yangu duniani. Humu sitaandika hata moja, maana Ole yetu ya Pemba ni ndogo na siku hizi kila mtu anajua kusoma. Nitasema mjukuu wangu, nitasema wifi yangu, yatosha.

Mjukuu wangu anasoma kemia chuo kikuu, huko bara. Masika ya mwaka huu yalipokuwa yanakatika alikuja nyumbani na mwenzake, msichana wa Iringa, mrefu, mwepesi wa kucheka. Hata shikamoo yake haijaisha, kasimama mlangoni anavuta pumzi.

"Bibi, nyumba yako inanukia pilau!"

"Pilau la nani, mwanangu? Leo tumepika muhogo."

"Inanukia karafuu. Kila kitu. Mpaka mlango."

Tukamcheka, mie na mjukuu wangu. Sisi hatukusikia harufu yoyote. Tukaona mgeni ana njaa ya safari, tukampa chai.

Mjukuu wangu alikuwa na jambo moja lililomkosesha usingizi. Alitaka utafiti wake wa mwisho uwe juu ya uyoga wetu, ule unaoota kwenye kisiki cha mfenesi baada ya mvua, mwembamba, umepangana kama masikio. Mwalimu wake kamwambia: nionyeshe kwanza kama una nguvu, ndipo nikukubalie. Kama hauna, utafanya kazi nitakayokupa mimi. Na hiyo ya kupewa ilikuwa ya saruji. Yeye saruji haitaki hata kuisikia. Toka yu mdogo alikuwa akinifuata nyuma kondeni, kila kinachoota ananiuliza, "Bibi, hichi kinalika? Na hichi?"

"Nguvu gani hiyo anayoitaka mwalimu wako?" nikamuuliza.

Akaniangalia mikono. Nilikuwa namenya ndizi mbichi. "Kwa nini unazitia kwenye maji ya ndimu, Bibi?"

"Zisipige weusi."

"Basi ndiyo hiyo. Hewa inaila ndizi, kama inavyokula bati likaota kutu. Ndimu inajitoa iliwe yenyewe, ndizi isalimike. Vitu vyenye tabia hiyo tunaviita vizuia oksidi. Nataka kujua kama uyoga wetu unavyo."

Loh! Miaka yote namenya ndizi, kumbe ndani ya bakuli langu mna vita na mie sina habari! Nilimwambia arudie, akarudia, nikamwambia arudie tena.

Alikuja na kichupa kimeviringishwa karatasi ya rangi ya fedha kisiingie mwanga. Ndani mna maji ya rangi ya zambarau iliyoiva, ile inayopaka ulimi. Unaroweka unga wa kitu chako kwenye spiriti, unachuja, unatia matone kwenye yale maji. Kitu kikiwa na nguvu, zambarau inaondoka, inabaki manjano. Kikiwa hakina, rangi inakaa pale pale.

Tukachuma uyoga, tukachuma majani ya mpera na mchaichai. Pembeni tukaweka vipande vya muhogo mweupe, tufanye makopa, kwa sababu mjukuu wangu alitaka na kitu kisicho na nguvu, cha kulinganishia. Vyote tukavianika uani juu ya jamvi kubwa. Mtu wa Pemba gani angefanya vyengine? Jamvi lile ndilo kitu safi kuliko vyote nyumbani kwangu. Kuku halikanyagi, mtoto halikalii. Ndilo tunaloanikia karafuu kila msimu, na mjukuu wangu ndiye aliyelikunjua kwa mikono yake. Vilipokauka tukavitwanga, kila kimoja peke yake, tukavitia mikebeni.

Asubuhi ya majaribio wifi yangu, nyumba ya pili, alikuja na kiti chake kabisa. "Haya, mganga wenu aanze," akasema, "nina chungu jikoni."

Mjukuu wangu akagawa yale maji kwenye vichupa vidogo, akatia matone ya uyoga. Zambarau ikaondoka kama mtu aliyeitwa! Manjano tupu. Nikapiga kigelegele mpaka mbuzi akakata kamba. Wifi yangu akanyanyuka. "Mimi naenda kupika, nishaona," akasema, akaenda zake mbio, hata kiti kakisahau.

Majani ya mpera, manjano. Mchaichai, manjano. Makopa, manjano.

"Hata makopa!" nikasema. "Watu tunakula nguvu toka tuzaliwe!"

Mjukuu wangu kakaa chini, uso kaukunja.

"Mbona umenuna, weye?"

"Makopa hayafai kufanya hivi, Bibi."

"Si yameshafanya?"

"Ndiyo shida yenyewe. Ikiwa makopa yanafanya, basi sijui tena kama uyoga umefanya wenyewe, au kuna kitu kimeingia kote."

Msichana wa Iringa akachukua mkebe wa makopa, akaufunua, akatia pua. Akaanza kucheka, akaziba mdomo. "Karafuu," akasema. Akanusa uyoga. "Karafuu." Akaenda uani, akainama juu ya jamvi kama anayetaka kusujudu. "Mamaa! Karafuu hii hapa!"

Mjukuu wangu akanusa. Mie nikanusa. Tukaangaliana. Kwangu mkebe ule ulinuka muhogo, basi. Pua zetu zimezaliwa ndani ya karafuu, zimeacha kuisikia kama mtu anavyoacha kusikia saa ya ukutani. Mjukuu wangu akaroweka karafuu moja, akatia tone lake, na zambarau ikafutika hata kijiko hakijazunguka. Jamvi langu lilikuwa limekunywa vumbi na mafuta ya misimu yote hiyo, likayajibia makopa.

Ilikuwa ajabu ya kufurahisha, nami nilitaka kupiga kigelegele kingine kwa ajili ya karafuu, lakini nikaona macho ya mjukuu wangu yamejaa. Boti ilikuwa kesho kutwa na mvua imeshakatika. "Basi, saruji," akasema.

"Saruji nini! Nyanyuka!"

Kisikini tulikuwa tumeacha vijiuyoga vidogo vikue. Tukaenda, mie na fimbo yangu, wao mbele. Tukakuta kisiki kitupu, kimekatwa kwa kisu, mahali pa kisu bado pabichi. Nikanyanyua kichwa. Jikoni kwa wifi yangu moshi unatoka.

Sijakimbia vile toka nilipokuwa mwari. Tulimkuta juu ya mbuzi anakuna nazi, uyoga uko kwenye bakuli mbele yake.

"Wifi, usitie tui!"

"Kwa nini nisitie? Nimeona kwa macho yangu una nguvu. Na mie nazitaka, miguu yaniuma."

"Zile nguvu zilikuwa za jamvi!"

"Basi nipikie jamvi," akasema, na mkono hauachi kukuna.

Mjukuu wangu akapiga magoti, akamweleza yote, saruji na kila kitu. Wifi yangu akamsikiliza mpaka mwisho. Akalisukuma bakuli. "Chukua. Lakini naulinda mimi mwenyewe huu uyoga, nyinyi wa kule jamvini siwaamini."

Tuliukata mwembamba, tukautandaza kwenye sinia iliyosuguliwa kwa jivu na kuoshwa mpaka mgeni akaridhika nayo. Tukaiweka juu ya bati la banda la kuku, chini ya kipande cha chandarua. Na kipande cha muhogo kando. Kinu, kilichotwanga vya jamvini, hatukukigusa. Wifi yangu alikaa na ukuti mkononi kutwa nzima, kila kunguru akimtukana kwa ukoo wake. Jua la siku ile lilikuwa kali, alhamdulillahi. Tukasaga kwa chupa juu ya sahani ya kioo.

Kesho yake tulianza na makopa. Sijapata kuyaombea makopa yangu yashindwe, siku ile niliyaombea. Matone yakaingia. Zambarau ikakaa. Tukangoja. Ikakaa! Tukakumbatiana kwa sababu ya makopa yasiyo na nguvu yoyote.

Kisha uyoga. Mwanzo kimya. Wifi yangu akaguna. Halafu ile zambarau ikaanza kulegea, ikawa rangi ya waridi, waridi ikazidi kupauka, polepole, haina haraka kama ya karafuu, mpaka chini ya kichupa ikaonekana manjano hafifu kama maji ya mchele mpya.

"Wenyewe," mjukuu wangu akasema. "Huu ni wenyewe."

"Basi ni dawa?" wifi yangu akauliza.

"Bado, Bibi. Kichupa si mwili wa mtu. Huo ndio utafiti wenyewe, wa miaka."

"Na miguu yangu?"

"Nenda hospitali."

Wifi yangu akacheka, akamwita fedhuli. Mjukuu wangu akavipiga picha vile vichupa, akampelekea mwalimu wake. Jibu lilikuja jioni tunakula, akalisoma kwa sauti: saruji kapewa mwengine, uje na huo uyoga.

Asubuhi ya boti nilifunga uyoga uliobaki ndani ya kichupa kipya, nikakiweka ndani ya mfuko. Kabla hawajatoka mlangoni nikamwita msichana wa Iringa.

"Njoo, mwanangu, unitilie pua."

Akanusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Hamna kitu, Bibi. Uyoga tu."

Hapo ndipo nikawaruhusu waende.