Msaragambo wa Mwalimu Eliakimu

Watu wa Same mjini wana habari yao kuhusu shemeji yangu Eliakimu. Wanasema alipewa kazi ya ualimu akaikataa kwa kiburi, ndipo mkewe akamkimbia. Nimeisikia sokoni, nimeisikia hata uani pa kanisa, ikisemwa kwa sauti ya chini na watu waliokwisha kuniona. Jina analobeba yeye ndilo ninalobeba mimi, na ndilo wanalobeba wanangu. Kwa hiyo nitaieleza kama ilivyokuwa.

Eliakimu ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alimaliza chuo cha ualimu mwaka wa tisini na tatu, akarudi kwetu Suji, mlimani, na cheti chake kusubiri kupangiwa kituo. Mume wangu alipomaliza chuo kile kile zamani, kituo kilikuwa kinamsubiri yeye. Eliakimu alisubiri mwaka, akasubiri wa pili, halafu tukaacha kumuuliza. Serikali ilikuwa inapunguza watu, haikuwa na haja ya kuongeza. Kahawa nayo ilikuwa imeshuka bei hadi majirani wakawa wanang'oa mibuni iliyopandwa na babu zao.

Mwaka ule ule aliorudi, shule yetu ilikuwa imebakiwa na walimu wawili kwa madarasa saba. Hapo wazee wakaamua jambo. Huku kwetu Upareni tuna msaragambo. Pembe ikipigwa asubuhi, kila nyumba inatoa mtu kwenda kuzibua mfereji, kutengeneza njia, au kuondoa tope kwenye ndiva, yaani lile bwawa linalokusanya maji usiku ili mchana yateremke mashambani. Asiyetokea anatozwa faini. Anayetokea halipwi wala hasifiwi, na hakuna mtu wa heshima anayesimama mahali akasema, "Mimi nimechimba ndiva." Ndiva imechimbwa, basi. Wazee wakasema Eliakimu asishike jembe. Zamu ya nyumba yake ataitoa darasani.

Zamu ilikuwa siku moja kwa wiki. Yeye alikwenda siku zote za shule, mwaka baada ya mwaka, akifundisha darasa la saba asubuhi na kulima alasiri. Hakuna aliyelizungumzia, wala yeye mwenyewe.

Mkewe, Ikupa, hakuzaliwa milimani. Wazazi wake walitoka Mbeya kuja kukata mkonge kule bondeni, naye akakulia kambini. Ni mwanamke mchapakazi, na ulimi anao. "Dada," aliniambia siku moja tukichambua maharage, "mume wangu ana kazi mbili, na hakuna hata moja inayonunua chumvi."

Nilicheka, naye akacheka. Lakini mwaka wa tisini na nane hakucheka tena. Mvua za Elnino zilikuwa zimeporomosha shamba lao la mteremkoni, udongo wote ukaenda chini na mahindi yake. Kisha vuli ikakataa kunyesha. Watoto walianza kula mara moja kwa siku, na uji wao ulikuwa mwepesi hata unaona chini ya kikombe. Jioni moja Ikupa alimwambia mumewe mbele yangu, bila kupandisha sauti:

"Januari ikifika huna kazi ya mshahara, nachukua watoto narudi kambini kwa mama. Wanatafuta watu wa kuwapikia wakata mkonge. Sikuachi, baba. Nafuata chakula."

"Nimesikia," Eliakimu alisema.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimeachiwa huru. Waliokuwa wakiuza sukari kwa kificho sasa walikuwa na maduka, na waliokuwa na maduka sasa walikuwa na shule. Na palipo na shule za watu binafsi, wakatokea watu wa kuzitafutia walimu. Pale Same, Bi Zaituni, mwalimu mkuu mstaafu, alifungua ofisi ya wakala wa ajira nyuma ya duka la vitambaa la kaka yake Abdulmajid. Nilimpeleka Eliakimu mimi mwenyewe. Nilimvisha koti la marehemu mume wangu. Sikutaka mtu aseme ametoka nyumba isiyo na pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, mwalimu. Si hapo, hicho kina mguu mbovu." Bi Zaituni alikisoma cheti, akakirudisha. "Sasa tuseme mimi ndiye mwenye shule. Kwa nini nikuajiri?"

"Nikipewa nafasi nitajitahidi kwa uwezo wangu wote."

"Hayo ni maneno ya kwenye barua. Wote mmenakili kwa mtu mmoja. Mwenye shule hamlipi mtu kwa kujitahidi, anamlipa kwa kujua. Halafu unatazama sakafu. Kuna kitu umeangusha?"

"Ni heshima tu, mama."

"Heshima umeshanipa mlangoni. Ukishakaa, nitazame. Ukitazama chini wataona hicho cheti umeazima."

Alimfanyisha mazoezi hivyo hadi adhuhuri. Namna ya kuingia, namna ya kukaa, namna ya kujibu kwa ufupi halafu kunyamaza. Mwisho akasema, "Nakupeleka shule mbili. Ukirudi bila kazi mara zote mbili, sikupeleki tena. Si ubaya. Nikiwaletea mtu anayekataliwa kila mahali wataacha kunisikiliza, na nyuma yako nina foleni ya walimu mpaka barabarani."

Shule ya kwanza ilikuwa pale pale mjini, mpya, ukuta wake haujakauka rangi. Mimi nilisubiri dukani kwa Abdulmajid. Hawakukawia. Bi Zaituni alitangulia kuingia, Eliakimu nyuma yake, koti kalishika mkononi.

"Ameulizwa tangu atoke chuo amefanya nini," Bi Zaituni aliniambia mimi, kana kwamba yeye hayupo. "Akajibu alikuwa nyumbani. Wakamuuliza, miaka yote mitano? Akasema ndiyo, analima. Wamemchukua mtoto aliyemaliza chuo juzi."

Eliakimu alinyoosha mkono kuchukua mfuko wetu, na Bi Zaituni akaudaka mkono ule, akaugeuza. Kucha zilikuwa nyeupe pembeni.

"Mwalimu, hii ni chaki."

"Ndiyo, mama."

"Siku hizi mnapanda maharage kwa chaki?"

Ndipo akaeleza. Alieleza polepole, kama mtu anayevuliwa nguo. Bi Zaituni alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka mitano umefundisha darasa la saba. Kuna aliyechaguliwa kwenda sekondari?"

"Wapo. Mwaka jana walikwenda wanne."

"Kutoka shule ya walimu wawili. Na mtu anakuuliza umefanya nini, unamwambia umekaa nyumbani."

"Ule ni msaragambo. Hausemwi."

Bi Zaituni akanigeukia. "Na wewe, mama Eliufoo, mtu mzima, ulijua?"

"Nilijua," nilisema. "Kwetu mtu akisema kazi ile ni yake, ni sawa na kuuchukua mfereji wa watu wote akauita wake. Jina linaharibika."

"Haya," akasema, akikunja mtandio wake. "Mtakufa njaa na jina zuri."

Tulirudi kwa gari, kisha kwa miguu kupanda mlima. Tulipofika kwenye mfereji Eliakimu alisimama kunywa maji, akanawa mikono, akazisugua zile kucha kwa mchanga. "Shemeji," alisema akiwa ameinama, "watoto wangu hawali jina." Ni wajukuu wa baba mkwe wangu wale, na nilikuwa nimeona uji wao.

Shule ya pili ilikuwa Kileo, kule tambarare ya Mwanga. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Eliakimu, na Bi Zaituni akanisimulia kwa wakati wake, na maneno yao hayapishani. Mwenye shule alikuwa mzee Benedikto, mtu wa Songea aliyekuja zamani kuwa karani wa shamba la mkonge. Si mtu mbaya. Aliwapa chai.

Safari hii Eliakimu alimtazama usoni. Aliulizwa amefanya nini, akajibu, "Nimefundisha darasa la saba miaka mitano, hesabu na Kiswahili." Aliwataja na wale wanne waliochaguliwa. Alipomaliza, jasho lilikuwa limelowesha kola.

"Vizuri sana," Mzee Benedikto alisema. "Mshahara ulikuwa unalipwa na nani?"

"Hapakuwa na mshahara, mzee. Kwetu tuna msaragambo." Akaeleza pembe, mfereji, ndiva na zamu.

Mzee Benedikto alisikiliza akitikisa kichwa kwa furaha. "Basi mimi nilikuwa namtafuta mtu wa moyo kama huo. Utaanza hapa kwa huo huo msaragambo, mwaka mmoja, nikuangalie. Chakula cha mchana utakula na wanafunzi. Mambo ya mshahara tutazungumza mbele ya safari."

"Mzee Benedikto," Bi Zaituni akaingilia, "nafasi uliyoniambia ni ya mshahara."

"Mama, kijana kasema mwenyewe. Ameweza miaka mitano bila. Mimi nimeomba mmoja tu, nimekosea wapi?"

Eliakimu aliweka kikombe chini. "Mzee, watoto ninaowafundisha, baba zao wanazibua mfereji unaoleta maji kwangu. Nikikufanyia wewe msaragambo, wewe utakuja lini kutuchimbia?"

"Mimi?" Mzee Benedikto alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nipande Upareni na jembe, na magoti haya?"

"Basi huo si msaragambo, mzee. Nipe mshahara. Nipe hata nusu."

Naomba wanaosema habari za kiburi wayasikie maneno hayo. Aliomba nusu. Bi Zaituni anasema alirudia, hata nusu, na sauti yake ilikuwa ya kuombea watoto.

"Walimu wamejaa barabarani," Mzee Benedikto alimjibu kwa upole. "Wewe ukiondoka, kesho atakuja wa bure. Mimi nimjibu nini, kwamba nataka wa kulipwa?"

Eliakimu alishukuru kwa chai, akasimama. Hakuna kazi aliyoikataa pale. Kazi haikuwekwa mezani.

Kituoni, wakisubiri gari la kurudi Same, Bi Zaituni alimwambia, "Katika wote niliowahi kuwapeleka, hakuna aliyeongea vizuri kama ulivyoongea leo. Na sina pengine pa kukupeleka."

Januari ilipofika, Ikupa alitimiza neno lake. Alifunga vyombo katika kanga mbili, akambeba mdogo, mkubwa akatembea. Nilimsindikiza mpaka njia inapoanza kuteremka. "Dada, usiniangalie kama ninayeiba," aliniambia. "Nitunzie huyo mtu. Akipata kazi anajua kambi ilipo." Eliakimu aliwabebea mzigo mpaka chini, kisha akapanda peke yake. Huko ndiko kukimbiwa kunakosemwa sokoni.

Wiki iliyofuata pembe ilipigwa, tukaenda ndiva. Tope la Elnino lilikuwa bado limeijaza nusu. Kabla ya kuanza, Eliakimu aliomba kusema. Hakuna aliyemlazimisha, na kama angenyamaza, Kileo ni mbali na mzee Benedikto hapandi milima. Lakini ndivyo walivyolelewa yeye na kaka yake. Akawaambia watu wote kwamba amekwenda kwa mtu asiye wa kwetu, akautaja msaragambo kama kazi yake, ili apate mshahara, na mshahara hakupata.

Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Ametuuza, na bei hakupata." Mwingine akamwambia afunge mdomo.

Mzee Asheri, mwenyekiti wetu, alikaa juu ya jiwe. "Hukukosea," alisema. "Mimi ningekuwa na watoto wale ningesema hivyo hivyo. Lakini sikiliza, mwanangu. Tulidhani unatoa zamu kama sisi. Kumbe wewe ulikuwa kazini, na sisi tulikuwa tunakula jasho lako, mpaka mke amekwenda kupikia watu kambini. Kazi inalipwa. Sisi hatuna cha kukulipa. Hatuwezi kukuita tena darasani kwa bure, ni aibu yetu."

"Mzee, sijadai mshahara kwenu."

"Hujadai. Ndiyo maana inatuuma zaidi."

"Basi niacheni niendelee."

"Tukikuacha, hata wewe mwenyewe utakuwa unahesabu," Mzee Asheri alisema. "Sasa umeshahesabu. Kuanzia leo zamu ya nyumba yako ni jembe kama za wenzako. Muda mwingine ni wako, utafute riziki."

Waliinua mikono kukubali. Waliinua kwa huruma, na mimi nilikuwa kati yao, na sikuona jinsi ya kutoinua.

Eliakimu alikunja suruali akaingia ndani ya tope. Alikuwa hajashika jembe la msaragambo tangu atoke chuo, lakini alichimba vizuri, akitupa udongo ukingoni bila kupumzika, na waliokuwa karibu naye wakapunguza maneno. Jua lilipopanda, kengele ya shule ikagongwa kule juu, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mbele ya ofisi. Ilikuwa saa ya hesabu ya darasa la saba. Alisimama, jembe likiwa juu ya bega, uso kaugeuzia shule. Sote tuliacha kuchimba. Rimu iligongwa mara ya pili, kwa nguvu zaidi, kama anayegonga anadhani hajasikika.

Eliakimu akamtazama Mzee Asheri. Mzee Asheri akatazama tope.

Basi akalishusha jembe kwenye tope, akaendelea kuchimba.