Nimeagwa bila bwana harusi, sasa nauza mablanketi

Leo nimefanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, na bwana harusi hakutokea kwa sababu hayupo.

Nilichoomba ni ndugu wanichangie nikasome shahada ya uzamili ya sera ya mazingira ng'ambo. Chuo kinataka malipo ya awali kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine.

Baba mdogo akaniambia, "Tulia mwanangu, kamati ipo."

Kamati yenyewe ni ile iliyosimamia sendofu zote za ukoo wetu hapa Kisesa. Haijui kufanya kitu kingine.

Basi michango ikalipia ukumbi, mapambo na keki ya ghorofa tatu. Kila meza ilijaa maji ya chupa za plastiki, nadhani kwa heshima ya mazingira.

Mshereheshaji, kwa mazoea, akamwomba bwana harusi mtarajiwa asimame. Ukumbi mzima ukageuka kumtafuta. Na mimi niligeuka, huwezi jua.

Nikabaki na tumaini moja, zawadi. Mashangazi wakaja wakicheza, kila mmoja na blanketi lake.

"Huko kuna baridi, mama," shangazi wa Sengerema akaninong'oneza. "Na ukiolewa, unayo tayari."

Nikamuuliza baba mdogo hela ya chuo iko wapi.

"Kwani hujafurahi?"

Nimefurahi mno. Ndiyo maana nauza mablanketi mapya, bado yamo kwenye nailoni zake. Ukiwa popote Mwanza nakuletea mlangoni, mwisho Alhamisi.

Shangazi asiambiwe.