Ba Kalaba na Kondoo ya Mama Arlène

Ukipita kwetu Kabuta na kumusalimia Ba Kalaba, hakukujibu "muzuri" kama watu wengine. Alikujibu, "Miye niko kondoo tu, Muchungaji anajua." Umuulize samaki walitoka namna gani leo: "Miye niko kondoo tu." Umuulize mvua itaanza lini: "Kondoo haiulizake." Hata siku ile mamba ilimunyang'anya kafi mukononi, akarudi kando ya ziwa anapiga maji na sufuria ya bukari, ugali wetu, tukamukimbilia sisi wote.

"Ba Kalaba! Mamba ilikufanya nini?"

"Ilibeba kafi. Mikono ilinibakilia. Munaona namna Muchungaji anachaguaka muzuri?"

Tulicheka, lakini si kwa mubaya. Mutu huyu maisha haikumubembeleza. Baba yake alikufa yeye angali mutoto mudogo, akalelewa na mujomba aliyemufundisha kushona nyavu mbele ya kumufundisha kutembea, hivi alisema yeye mwenyewe. Kisha alioa Felistus, mwanamuke wa kicheko, na Felistus akamutangulia kwa Mungu. Siku ya mazishi watu walingoja aanguke chini. Aliketi na sisi wamama, akashika kikombe cha chai kilichopoa, akasema polepole, "Miye niko kondoo tu. Leo sioni njia, lakini Yeye anaiona." Nililia zaidi ya siku nyingine yote. Tangu siku ile, akisema neno yake, mimi nilicheka kidogo tu.

Sasa, kuna kitu kimoja ambacho mutu hakufikiri kukiuliza. Ba Kalaba hakuwa ameona kondoo hata siku moja.

Angeiona wapi? Huku kando ya ziwa Mweru tuko na bata, kuku, mbwa nyingi kupita kazi yao, na mbuzi mbili tatu za watu wenye kujisikia. Kondoo yeye aliijua ku kalendari ya kanisa, ile iliyobandikwa karibu na mulango. Pale Bwana Yesu amebeba kondoo shingoni, nyeupe kama pamba, uso kama wa mutoto aliyetoka kunyonya. Ba Kalaba alifikiri kondoo ni kitu kama malaika, lakini ya miguu mine.

Mwaka mumoja vita ilikuwa imeanza tena kule Congo, na mitumbwi ilifika kutoka ngambo imejaa watu na magodoro. Asubuhi moja nilikuwa naanika chisense zangu ku muchanga, zile samaki ndogo tunazokausha na jua, nikaona mutumbwi wa moteur, wa injini, unakuja bila moteur kulia. Watu walikuwa wanapiga maji na mikono, na sahani, na kiatu. Katikati yao mwanamuke mumoja mwembamba alikuwa amekumbatia munyama.

Jina yake ni Arlène, mwenye kuuza samaki, wa Kilwa ya ngambo ile ya Congo. Alishuka, akapiga magoti ndani ya maji, akatuelezea pale pale, maneno yakimutoka kama maharagwe mu mufuko uliopasuka. Moteur ilikufa katikati ya ziwa. Upepo ukaamuka. Watu wakasema mutumbwi ni muzito, watupe kwanza kondoo. Hii kondoo ni kitu kimoja tu alichobakia nacho cha nyumba ya baba yake.

"Njo niliomba kwa nguvu," akasema. "Nikasema, Mungu, tukifika bazima, batu bote na hii kondoo, miye nitakupa yeye. Muzima! Ku miguu yake mine! Siku ya Mungu ya kwanza, Jumapili hii, ndani ya kanisa! Na upepo ikalala, mama. Ikalala sawa mutoto."

Tukasema amina. Lakini Arlène alikuwa na taabu ingine. Mama yake muzazi alipanda mutumbwi mwengine, na habari ilisema ule mutumbwi umefika Mununga. Ilipaswa aende kumutafuta.

"Nani hapa anajua kuchunga kondoo? Nitarudia mbele ya siku ya Mungu."

Kisha Chabu, mwenye kuvua pamoja na Ba Kalaba na mwenye mudomo usiofungwa mulango, akapiga makofi.

"Batu ya Kabuta, munatafuta nini? Si Ba Kalaba! Tangu tunamujua, yeye iko kondoo. Ile ni ndugu yake ya tumbo moja!"

Wote tukamugeukia. Ba Kalaba alikuwa anakuja na nyavu begani. Alitazama ile munyama. Ilikuwa ya rangi ya matope, masikio yameanguka, mukia munene, pua inatiririka, na macho kama ya mutu aliyesahau kile alichofuata sokoni.

"Hii mbuzi iko ya nani?" akauliza.

"Papa, haiko mbuzi," akasema Arlène. "Iko kondoo."

Niliona uso wake. Ulikuwa uso wa mutu aliyeambiwa kwamba ule kichaa wa sokoni ni shemeji yake.

"Kondoo," akasema. "Kondoo ya... wapi?"

"Ya Congo, papa."

"Aaa! Ya Congo." Akapumua kidogo, sawa vile kule Congo vita imeharibu hata kondoo. Angeweza kusema, mimi sijui kazi hii. Lakini watu wote walikuwa wanamutazama, na Arlène alikuwa anamutazama zaidi. Akakohoa. "Mulete. Miye na kondoo tunajuana."

Basi akaichunga namna alivyojua, ni kusema, namna ya samaki. Jua lilipopanda akaifunika na gunia lenye maji ili isioze. Akaipa bukari na chisense. Ile kondoo ikala bukari, ikapuliza chisense na pua, kisha ikala mukono mumoja wa shati yake iliyokuwa ku kamba. Jioni nikaona ameifunga bidon kubwa ya njano shingoni, ile ya mafuta ya kupikia, tupu na imefungwa muzuri na kifuniko.

"Ba Kalaba, bidon iko ya nini?"

"Mama Olipa," akanijibu kwa uvumilivu, "wavu yangu inafungwaka na nini, ili nisiipoteze?"

"Na bidon."

"Mutumbwi nikiuacha mu matete, naweka nini ku kamba?"

"Bidon. Lakini wavu inakaaka ku maji. Kondoo haitembeake ku maji."

"Na ikienda ku maji, wewe utaiona na nini?"

Mutu akikushinda hivyo, unaenda kupika.

Siku ya mwisho mbele ya siku ya Mungu, jua likiwa bado juu, kondoo ilinyanyua kichwa ili ikune sikio, na bidon ikagonga jiwe: ko! Kondoo ikaruka. Ilivyoruka, bidon nayo ikaruka: ko! Ikaona kwamba kitu kinaifuata. Ikakimbia, na kitu kikafuata kwa mbio ile ile. Ko-ko-ko-ko!

Ilipita kwanza juu ya chisense zangu. Samaki ziliruka juu kama zimefufuka. Ikapita kando ya kanisa, mahali wamama wa kwaya walikuwa wanafundishana wimbo, na sauti ya kwanza ikakimbilia ndani, sauti ya pili ikapanda juu ya benchi. Ikafika barabarani. Pale Katongo, kijana wa kupeleka samaki kule ndani ya inchi, alikuwa anaondoka na vitunga viwili ku baiskeli. Kondoo ikamuona, ikapenda mutu mwenye kujua mahali anaenda, ikamufuata. Katongo akageuka, akaona munyama wenye kichwa cha njano. Akakanyaga pedali. Kondoo ikaongeza. Akakanyaga tena.

"Simama!" tukamulilia.

"Miye sisimame! Muisimamishe yeye!"

Na akaanguka pamoja na vitunga vyake ndani ya kisima kile tunacholowekea mihogo. Alitoka muzima, Mungu asifiwe, lakini harufu ilikaa naye.

Ba Kalaba alikuwa nyuma, anakimbia na kiatu kimoja. Akaita kondoo namna ya kuita kuku: "Kuu-kuu-kuu!" Akaita namna ya mbwa, na muluzi wa midomo. Kondoo haikugeuka.

"Iite na jina yake!" akapiga kelele Chabu.

"Jina yake nani?"

"Si Kalaba!"

Watu walianguka chini na kicheko. Mimi pia, Bwana anirehemu, nilishika mbavu. Kondoo ikakata kushoto, ikaingia ndani ya matete marefu ya kando ya ziwa, na ko-ko-ko ikanyamaza.

Tuliitafuta. Tulipiga matete na fimbo, tukaita na majina yote ya wanyama tunayojua. Hakuna. Na ni wakati ule ule Arlène alifika kutoka Mununga, anasukuma baiskeli, mama yake amekaa nyuma kama malkia. Alikuwa anacheka. Alimupata mama yake, unaelewa? Akatutazama.

"Papa Kalaba, kondoo iko wapi?"

Hata Chabu alitazama miguu yake.

Arlène hakukasirika. Angekasirika, ingekuwa muzuri zaidi. Aliketi ku muchanga, akashika kichwa. "Papa, sikuahidi mutu. Niliahidi Mungu, katikati ya maji. Yeye alifanya yake. Mama yangu ndiye huyu. Na miye nitamwambia nini kesho? Kwamba nilimupa, kisha nikapoteza?"

Ba Kalaba alivua kile kiatu kimoja akakiweka chini. Akaingia tena mu matete peke yake. Nilimufuata nyuma, kwa sababu ya ile habari ya mamba na kafi.

Hakujua kama niko. Alisimama ndani ya maji mupaka magoti, akavua kofia.

"Muchungaji," akasema, "kila siku nakusumbua na hii neno ya kondoo. Nilifikiri kondoo iko kitu ya heshima. Sasa nimeiona. Inakimbia kitu ambayo iko ku shingo yake mwenyewe. Inafuata baiskeli ya mutu haijui. Unaipa kivuli, inakula shati yako. Unaiita, inaenda tu kule inataka." Akapangusa uso na kofia. "Kama ni hii njo nilikuwa nakuambia kila siku kwamba miye niko, basi pole, Muchungaji. Pole sana. Umechoka na miye."

Nilitaka kucheka, nikakuta machozi yamefika mbele.

"Lakini uliweza na miye," akasema. "Wakati wa baba uliweza. Wakati wa Felistus uliweza. Unionyeshe hii moja tu, kwa ajili ya ule mutoto wa watu anayelia pale."

Upepo ukasukuma matete upande. Na pale, mbele kidogo, kitu cha njano.

"Bidon!" tukalia wote wawili, na ndipo alijua kwamba nilikuwa nyuma.

Kondoo ilikuwa imezama ndani ya matope mupaka mugongo, miguu haionekani. Lakini bidon ilikuwa imekwama katikati ya matete, inaelea muzuri, na kamba ikashika kichwa juu ya maji. Bila ile bidon ingekunywa ziwa yote. Ba Kalaba akaenda mupaka maji yakamufika kifuani. Kondoo ikamutazama, ikasema "Meee," kama mama mukwe anayeuliza kwa nini chakula kimechelewa.

Akaivuta. Ikamupiga teke ku sikio. Akaivuta tena, akaibeba shingoni, miguu miwili huku na miwili huku, sawa kabisa na ile ya kalendari. Na wakati alikuwa anapanda muchanga, mbele ya watu wote, kondoo ikaona ni mahali pazuri pa kukojoa.

Ba Kalaba akasimama. Maji ya moto yakashuka mugongo wake mupaka ku kaptula.

"Mama Olipa," akasema bila kugeuka, "ku kalendari hawakuandika hii."

Arlène alikumbatia kondoo na kichwa cha Ba Kalaba pamoja, bila kujali nani ananuka nini.

Siku ya Mungu ikafika. Tulisafisha kondoo, tukaifungua bidon, kwa heshima ya kanisa. Ikafika mulangoni ikalala. Arlène akavuta, Chabu akasukuma, kwaya ikaimba mara ya pili ili kujaza wakati. Kondoo ikakataa kabisa. Ba Kalaba akatoka, akarudi na bidon, akaifunga shingoni. Ikaamuka. Ikaingia ku miguu yake mine, ko-ko-ko katikati ya mabenchi, mupaka mbele. Arlène akaweka mukono juu ya kichwa yake. "Mungu, niko hapa. Na yeye iko hapa. Muzima."

Kisha muhubiri akauliza nani atachungia kanisa kondoo hii. Vichwa vyote vikageuka upande mumoja.

Mupaka leo ukipita pale, utasikia bidon mbele ya kumuona mwenyewe. Musalimie.

"Miye niko kondoo tu," atakujibu, namna ya zamani. Halafu atatazama nyuma yake, mahali ile nyingine inakula kofia yake polepole, na ataongeza, "Muchungaji anivumilie."